Mgongo wa Hans

Elinaza alikuwa akipasha mafuta ya nyonyo pazia la chumba chake cha kukandia lilipofunguka, akaingia Hans, shemeji yake, amejishika kiuno kama mama mjamzito. Miaka minne hawajaonana. Jamani, Ngarenaro yote hii hakuna mkandaji mwingine mpaka huyu aletwe kwake?

"Kumbe mwenyewe ni wewe, shemeji! Basi nimefika nyumbani," akasema, meno nje. Hana hata haya!

Ndiye huyu aliyengoja kaka yake azikwe, na udongo wa kaburi haujakauka akang'oa masale yote, ile mimea ya mpakani kule Olmotonyi, akayapanda upya hatua ishirini ndani ya shamba la mjane. Kaburi likabaki upande wa Hans. Tangu siku hiyo Elinaza akienda kumwekea mumewe ua, anafunguliwa mbwa.

"Maumivu yalianza lini?"

"Miaka minne sasa. Nilibeba gunia la viazi. Nimechomwa sindano, nimemeza vidonge mpaka tumbo linawaka moto. Usiku silali."

Gunia! Elinaza alimwona kwa macho yake siku ile aking'ang'ana na mzizi wa isale, akapiga yowe, akaanguka. Alifurahi siku ile, na sasa akafurahi tena. Akamlaza kifudifudi, akamwekea taulo la moto mgongoni.

Alimkanda vizuri kuliko alivyowahi kumkanda mtu. Makusudi. Alitaka aonje nafuu. Wiki tatu alichua ile misuli iliyokaza pembeni mwa uti wa mgongo, taratibu, kwa kidole gumba na kiwiko, mpaka Hans akaanza kulala na kukoroma, na viatu akavaa bila kusaidiwa.

"Nisikudanganye, hii haiponyi moja kwa moja," Elinaza alimwambia. "Ukiacha, yanarudi. Na jembe usiliguse kabisa."

Wiki ya nne Hans alimkuta amesimama mlangoni.

"Sikukandi tena. Kwanza niambie, kaburi la mume wangu liko upande wa nani?"

Hans akatukana, akaondoka. Zilipita siku kumi tu. Alirudi amepinda, mkononi kashika jani la isale. Kwao, ukiletewa jani hilo huna ruhusa ya kukataa kusamehe, na Hans alilijua hilo vizuri sana. Wagonjwa waliokaa kwenye benchi wakageuka kutazama.

Elinaza alilipokea kwa mikono miwili. "Nimekusamehe, shemeji. Mbele ya hawa wote."

Hans akashusha pumzi, akaanza kufungua vifungo vya shati.

"Funga shati."

"Si umenisamehe?"

"Nimekusamehe. Lakini mikono hii ni ya kazi, na kazi yangu haiombwi kwa jani. Rudisha masale yangu yalipokuwa. Na usitume kibarua, chimba mwenyewe."

"Si wewe uliyenikataza jembe?"

"Ni mimi, ndiyo."

Jumamosi Elinaza alipanda Olmotonyi na kigoda chake, akaketi kando ya kaburi. Hakuna mbwa aliyefunguliwa. Hans alichimba. Kila shimo alipolimaliza alinyooka kwa shida, huku akilia, kamasi na machozi pamoja. Elinaza hakumwonea huruma hata chembe. Aliona raha, raha tupu, wala hakutaka kuificha.

"Shemeji, mgongo unakatika," Hans alisema, amepiga magoti kwenye udongo. "Nakuomba, inatosha."

Elinaza alisimama, akapanda ua lake kichwani pa kaburi, akalimwagia maji, kisha akahesabu masale yaliyobaki.

"Bado kumi na moja," akasema. "Jumatatu njoo nikukande. Leo chimba."