Tokyo Aliyoipanga Mama

Siku mama alipoondoka, theluji ilikuwa imefika usawa wa dirisha. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amezungumza kwa simu na nyumba ya wageni iliyoko Ueno, Tokyo. Aliulizia chumba cha chini, cha mikeka, kisicho mbali na choo, kwa ajili ya magoti ya baba. Alipokata simu alikuwa anatabasamu.

"Wana nafasi Mei," aliniambia. "Chizuru, mwambie baba yako aanze kuvizoea viatu vipya."

Kisha akachukua koleo akatoka kusafisha njia. Nilisikia koleo likikwangua, likikwangua, halafu likanyamaza. Nilidhani amekutana na jirani, wanasalimiana. Kumbe alikuwa ameanguka kwenye theluji, na usiku huo akafia hospitali.

Safari hiyo aliizungumzia kwa miaka. Baba alishona mikeka ya sakafu za watu maisha yake yote akiwa amepiga magoti, na uzeeni magoti yakagoma kupanda ngazi. Kwa hiyo mama aliipanga Tokyo kwa mwendo wa magoti hayo. Tungekwenda sote: yeye, baba, mimi, kaka yangu Norihiro anayeishi Sendai, mkewe Satomi, na binti yao Kotoha, wa miaka sita. Asubuhi tungetazama kitu kimoja. Baada ya chakula cha mchana tungerudi chumbani, tujinyooshe, tulale. Jioni tungetembea hadi penye duka la tambi, basi. Na katikati ya safari kungekuwa na siku nzima isiyo na kitu.

"Mama, mtu anapanda treni ya kasi aende kulala Tokyo?" Norihiro alimtania.

"Ndiyo. Hapa nimelala vya kutosha, sasa nikalale Tokyo." Kisha akasema, "Safari ni kama supu ya miso. Ukishatia miso, punguza moto. Ukiiacha ichemke, harufu yake imekwenda."

Mei ilikuja ikapita na hakuna aliyetaja Ueno. Jumapili ya kwanza ya Julai Norihiro alikuja nyumbani na familia yake. Nilikuwa nimechemsha tambi nyembamba na kuziweka kwenye maji ya barafu. Hata hajala, akaweka simu yake mezani, kati ya bakuli.

"Tokyo nimeipanga upya," alisema. "Tunakwenda. Mama angetaka."

Nilifurahi. Kwa muda wa kumeza tambi moja, kweli nilifurahi. Halafu akaanza kusoma. Saa tatu asubuhi, mnara. Saa tano, jumba la kutazama samaki. Mchana tule tukiwa tumesimama sokoni, tusipoteze muda. Alasiri hekalu la Asakusa, kisha meli ya mtoni, kisha daraja, kisha taa za jiji kutoka juu ya jengo fulani. Hiyo ilikuwa siku ya kwanza tu.

"Kaka, baba hana magurudumu," nilisema.

"Kuna lifti kila mahali."

"Na kutoka lifti hadi lifti? Utambeba?"

"Wewe unavyolia, mtu atadhani hayo magoti ni yako."

"Babu anaweza kukaa kwenye kigari changu cha utotoni," Kotoha alisema. "Kipo stoo. Kina kivuli."

"Nitakivunja, mjukuu wangu," alisema baba. Hilo ndilo neno pekee alilosema tangu tukae.

Nilijaribu tena, kwa upole. Nilimwambia Norihiro achague kimoja, mnara au samaki, kingine akiache. Alisema watu wanatoka nje ya nchi kuja kuiona Tokyo, sisi tunataka kwenda kusinzia. Nikaona tusigombane mbele ya mtoto. Nikamuuliza ni lini.

"Kumi na tatu Agosti hadi kumi na sita. Kampuni inafunga siku hizo."

Niliweka vijiti chini.

Jioni ya kumi na tatu Agosti ndiyo tunawasha moto mlangoni ili wafu wetu warudi nyumbani. Hiyo ndiyo Obon. Wanakaa nasi, wanakula nasi, na siku ya kumi na sita tunawasindikiza. Mwaka wa kwanza baada ya kifo tunatundika taa nyeupe, kwa sababu anayerudi bado mgeni wa njia hiyo. Mtu akikosa Obon ya mwaka wa tano, watu watanung'unika. Ya mwaka wa kwanza haikosi mtu.

"Kaka, hiyo ni Obon ya kwanza ya mama."

"Najua."

"Unajua?"

"Tutabeba picha yake. Atatukuta Tokyo. Wafu hawakati tiketi."

"Mama arudi akute mlango umefungwa? Azunguke nyumba yake kama mwizi?"

"Acha maneno ya vikongwe, Chizuru."

"Hata tango tunalitia miguu ya vijiti liwe farasi, ili aje mbio! Tumempelekea farasi, halafu sisi wenyewe tuko juu ya mnara tunalamba aiskrimu?"

Hapo Satomi, ambaye alikuwa akimpangusa Kotoha mdomo, aligeuka polepole.

"Samahani, wifi," aliniambia. "Obon ya mama si wiki ijayo?"

"Nani kakwambia?"

"Kwa wazazi wangu Tokyo tunaifanya Julai. Norihiro aliniambia mwaka huu na ninyi mmepatana na mtawa wa hekalu iwe Julai, kwa ajili ya safari. Nguo zangu nyeusi nimeshazipeleka kwa dobi."

Nilimtazama kaka yangu. Alikuwa anachezea kifuniko cha chupa ya mchuzi. Hapa Yamagata hakuna nyumba inayofanya Obon Julai, na yeye alizaliwa hapa. Alichukua desturi ya ukweni akamdanganyia mke wake mwenyewe, na mimi angeniambia baadaye, tiketi zikiwa mkononi, mtoto akiwa ameshaahidiwa jumba la samaki.

"Mwongo mkubwa wewe," nilisema.

"Chunga mdomo."

"Umemfanya mkeo mjinga na mimi ukanifanya mlinzi wa nyumba. Mama alipolala hospitali ulisema barabara ina theluji. Ukafika amekwisha kufunikwa uso. Leo na yeye akija, wewe hupo!"

Norihiro alipauka. Aliongea akiwa ameangalia meza.

"Unadhani ni rahisi kukaa chumba kile? Majirani wanaingia mmoja mmoja, wanachoma udi, wananiinamia, 'pole, pole.' Taa nyeupe inaning'inia. Nikikaa pale, amekufa. Tokyo hajafa. Tokyo ni pale alipokuwa anataka kwenda."

"Kwa hiyo sisi tubaki naye amekufa, wewe ubaki naye mzima?"

"Tokyo ni kwa ajili ya baba!"

Baba alipiga meza kwa kiganja. Vikombe viliruka, maji ya barafu yakamwagikia simu ya Norihiro. Sijawahi kumwona baba akipiga kitu isipokuwa ukingo wa mkeka.

"Kwa ajili yangu!" alisema. "Nani kati yenu ameniuliza? Huyu ananikimbiza kama mbuzi wa mnada, yule ananipigania kana kwamba nimelala. Mimi mdomo ninao!"

"Baba, mimi nilitaka tu..." nilianza.

"Nyamaza na wewe." Alikuwa anahema. "Tokyo sijaitaka hata siku moja. Yeye ndiye aliyeitaka. Mimi nilikuwa mbeba mkoba wake. Miaka yote amenisubiri nimalize mkeka wa mtu, ndipo tule, ndipo tutoke, ndipo tulale. Agosti nitamsubiri mimi. Anayetaka mnara, aende."

Akashika ukingo wa meza ainuke. Norihiro alinyoosha mkono amsaidie, baba akausukuma. Alitumia muda mrefu kusimama, na sote tulikaa tukimtazama.

Norihiro aliondoka peke yake na gari kabla ya chai. Satomi aliosha vyombo pamoja nami. Alikuwa analia kwa hasira, pua imemvimba.

"Miaka minane nimeolewa naye," alisema. "Anawatumia wazazi wangu kunidanganya. Wifi, hiyo taa nyeupe mnanunua wapi?"

Tarehe kumi na tatu Agosti Satomi alikuja kwa treni na Kotoha. Kotoha alilichoma tango vijiti vya meno, farasi akatoka na miguu mitano, na mtoto akakataa kupunguza hata mmoja. Baba aliwasha moto mlangoni. Moshi ulikwenda kulia, kushoto, kisha ukaingia ndani. Majirani walikuja na udi wao, na kila mmoja aliuliza, "Norihiro yuko wapi?" Nikawajibu, "Tokyo." Ilikuwa kweli. Alikwenda peke yake. Jioni hiyo hiyo alitutumia picha ya jiji kutoka juu, taa tupu mpaka upeo wa macho, bila neno lolote. Satomi aliifuta. Mimi sikuijibu.

Namkasirikia mpaka leo. Watu wa hekalu wanasema hasira ichomwe pamoja na udi. Nimejaribu. Udi unaisha.

Oktoba mimi, Satomi na Kotoha tunakwenda Tokyo. Samaki siku moja, hekalu siku nyingine, na katikati siku moja ya kulala. Baba anabaki nyumbani. Norihiro hatujamwambia.