Mchanga wa Chini ya Tuta

Mgeni alifika saa mbili unusu asubuhi, peke yake, kwa miguu, ndiyo maana hakuna aliyemtilia maanani. Wakubwa wa ofisini huja kwa magari matatu na mpiga picha. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, mabuti ya mpira yamejaa matope, mfuko wa turubai begani. Alitembea juu ya tuta taratibu, akasimama, akachomeka fimbo ya chuma ardhini, akaandika, akatembea tena.

"Mama, choo kiko nyuma ya stoo," kibarua mmoja alimwambia, na wenzake wakacheka.

"Asante, mwanangu, bado sijabanwa. Nyapara wenu nani?"

Wote wakamgeukia Pimamaji. Jina hilo walimpa miaka kumi na minane iliyopita, kwa sababu alikuwa haachi kipimo chake cha fundi hata akienda kula. Alikuwa amepiga magoti akipachika mawe upande wa bahari. Akainuka, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Ofisi kuu imenituma kukagua," mgeni alisema. "Mkandarasi hajui kama nimekuja. Kipande hiki, toka kigingi cha arobaini mpaka cha hamsini, karatasi zinasema mmejaza magunia ya udongo wa mfinyanzi. Mbona fimbo yangu inazama kama kwenye uji?"

Pimamaji alitazama chini, mahali ambapo zamani ufuko ulipanda polepole mpaka kwenye mawe. Sasa palikuwa na korongo la kimo cha mtu.

"Fimbo peke yake haitoshi," mkaguzi aliendelea. "Nataka gunia moja litolewe ndani, mbele ya macho yangu. Mimi siruhusiwi kugusa. Anafungua aliyejenga."

"Leo ni bamvua, mama. Maji makubwa yatakuwa hapa saa kumi na moja."

"Najua. Nitasubiri mpaka saa nane."

Akaenda kukaa juu ya jiwe, mbali kidogo, akafungua chupa yake ya maji.

"Huyu amekuja kututilia kitumbua mchanga," kibarua alinong'ona.

"Mchanga tulishautia sisi wenyewe," alisema Pimamaji. Safari hii hakuna aliyecheka.

Ilikuwa mwaka uliopita. Malori ya udongo yalikatika siku tatu, na Jumamosi mgeni rasmi alikuwa anakuja kuzindua tuta. Msimamizi, kijana wa mkandarasi, aliangalia saa yake, akaangalia ufuko. "Mchanga si huo hapo tele? Jazeni. Mgeni akiondoka tutarudi kuweka udongo."

Kila mtu wa matuta anajua kwamba mchanga wa chini ndio unaolivunja wimbi kabla halijafika. Kuuchota ili ujazie tuta ni sawa na kung'oa msingi upate matofali ya ukuta. Pimamaji alilisema hilo mara moja tu, kwa sauti ya chini, kisha akashika sindano na kamba, akashona midomo ya magunia mia sita. Mgeni rasmi alikata utepe, akasifu. Hakuna aliyerudi kuweka udongo.

Saa tano msimamizi alifika akihema, akamvuta pembeni.

"Mzee, umebakiza miezi mingapi ustaafu?"

"Saba."

"Saba! Na unataka kuichezea? Mwambie huyo mama kwamba kufungua tuta siku ya bamvua ni hatari. Basi. Huo ni uongo?"

"Si uongo."

"Sasa tatizo liko wapi?"

Hilo ndilo lililomuuma Pimamaji. Halikuwa uongo.

Wakati wa chakula alishuka kwa mdogo wake wa kike, fundi cherehani, nyumba ya kwanza nyuma ya tuta. Chumba kilikuwa kimoja. Kitanda, meza, cherehani, marundo ya vitambaa vya buluu vya sare za shule. Ukutani chumvi ilikuwa imechora mstari mweupe usawa wa goti.

"Kaka, mbona umenuna kama mtu aliyenyimwa mke?" dada yake alimuuliza, miguu ikiendelea kukanyaga cherehani. "Chakula kiko kwenye sufuria. Pakua mwenyewe, mimi nina sketi kumi na mbili."

Hakupakua. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamweleza yote, tangu malori yalipokatika hadi mkaguzi aliyeketi juu ya jiwe. Alipofika kwenye magunia, cherehani ilinyamaza.

"Siku ile niliyokuja na fomu ya kiwanja," dada alisema. "Walipotugawia viwanja kule mlimani. Nilishika kalamu nikakuuliza, kaka, nihame? Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukaniambia, uhame uende wapi, tuta nimejenga mimi."

"Nilidhani watarudi kuweka udongo."

"Nani amewahi kurudi huku?" Alikunja sketi aliyokuwa akiishona, akaikunjua, akaikunja tena. "Ungeniambia hama. Neno moja tu. Wala nisingekuuliza sababu."

"Niliona haya, mdogo wangu."

Nje watoto walipita wakibishana. Viwanja vya mlimani vilikuwa vimekwisha, orodha ilifungwa.

"Huyo mama, mfungulie," dada alisema.

"Nikifungua na maji yakakuta shimo, nyumba yako ndiyo ya kwanza."

"Na usipofungua, ya kwanza ni ya nani?"

Pimamaji akainuka kitandani.

"Niahidi kitu kimoja," dada alisema. "Si kikubwa. Makubwa yako nimekwisha kuyaona. Ukilifungua, ulizibe kabla maji hayajafika. Wewe, kwa mikono yako. Usije kuniambia fulani ataziba."

"Nitaziba."

Saa nane alipanda tena. Aling'oa mawe, akachimba shimo la upana wa mlango, akafika kwenye gunia. Vibarua walisimama nyuma yake. Alipopitisha kisu, mchanga ulimwagika wenyewe kama mtama, na ndani yake makombe ya bahari, gamba la kaa na mkanda wa kandambili ya mtu.

Mkaguzi alipiga picha, akatia mchanga kidogo kwenye mfuko, akaufunga.

"Nani aliamuru?"

"Msimamizi aliamuru. Mimi nilijaza."

Akaandika yote mawili, Pimamaji akatia saini.

"Sasa watakuja kurekebisha?"

Mkaguzi alifunga daftari. "Ripoti itapelekwa kwa mkandarasi kwanza, ajibu. Anapewa siku tisini."

"Mama, bamvua huja mara mbili kwa mwezi."

"Najua, mzee wangu." Alimpa mkono kwa mikono miwili, macho yakiwa chini, akaondoka kama alivyokuja, kwa miguu.

Msimamizi hakungoja hata mkaguzi afike barabarani. "Vua kizibao. Leta kofia na ufunguo wa stoo. Umeharibu mali ya mradi, kuanzia sasa hunijui mimi, sikujui wewe."

"Na shimo?"

"Nilichimba mimi?" Aliwageukia vibarua. "Rudisheni vifaa vyote, mwende nyumbani. Atakayebaki hapa asije kesho."

Matoroli yaliingizwa stoo, sepetu pia, kufuli ikafungwa. Kibarua wa utani alikuwa wa mwisho kuondoka. "Tusamehe, mzee. Tuna watoto."

"Nenda, baba. Hata mimi nilikuwa na sababu."

Nyuma ya stoo, hatua mia mbili, kulikuwa na rundo la udongo wa mfinyanzi uliobaki mwaka jana, umeota majani. Pimamaji aliuchimba kwa nondo aliyoiokota, akauchota kwa mikono, akaufunga kwenye shati lake. Aliporudi kwa mzigo wa pili, alimkuta dada yake amesimama pale na beseni, kanga imefungwa kiunoni.

"Nilisema nitaziba mimi," alisema.

"Ziba. Mimi nabeba tu."

Pimamaji alimwaga, akalowesha, akakanyaga, akatwanga kwa gogo, safu juu ya safu, kila safu isizidi kiganja. Mtu mwenye haraka angejaza kwa mara moja, nje pangependeza, ndani pangebaki mapengo. Viganja vilimchubuka. Mara mbili alisimama kwa kizunguzungu, akakumbuka kwamba hakula. Saa kumi maji yalikuwa kwenye korongo. Saa kumi na nusu yaligonga mawe na kurusha povu juu ya vifundo vyao.

Beseni la ishirini na tatu lilikuwa la mwisho. Alitwanga, akarudisha mawe, kisha akapanda juu, akakandamiza kisigino kwa uzito wake wote, akakiondoa. Kisigino hakikuacha alama.

"Hapa hayapiti," alisema.

Dada yake alitazama kulia, magunia ya mchanga hatua arobaini. Akatazama kushoto, kama hizo tena. Maji yalikuwa yanapanda kote kwa usawa.

"Hapo tu," alisema.

"Hapo tu."

Dada aliokota beseni, akalikung'uta, akashuka nyumbani kuipandisha cherehani juu ya meza.