Kiti cha Kulia

Ukiwa rubani na ukafika miaka sitini na mitano, sheria ya Marekani inakung'oa kwenye ndege za mashirika makubwa ya abiria hata kama mkono wako hautetemeki. Niliona nitakufa kwa kukaa nyumbani, nikaomba kazi kwenye kampuni inayowauzia matajiri ndege ndogo kwa mafungu, watu kadhaa ndege moja. Walinichukua, lakini kama rubani msaidizi, chini ya Kapteni Kendra Oyler, mdogo kuliko binti yangu. Huku hakuna mhudumu wala mpagazi. Marubani ndio wanaobeba mizigo na kuandaa kahawa, na abiria wakishuka ndio wanaosafisha choo.

Wastaafu wenzangu ninaokunywa nao kahawa kila Jumanne hapa Columbus niliwaambia mimi ni kapteni. Choo sikukitaja.

Asubuhi moja tulikuwa tunampeleka tajiri mmoja Florida pamoja na baba mkwe wake. Nilikuwa nimeinama kwenye buti ya ndege, begi la gofu begani, nikasikia jina langu.

"Lyle? Lyle Brandvold?"

Baba mkwe mwenyewe alikuwa Gordon Pruett, wa kahawa ya Jumanne. Nikambwagia Kendra lile begi mikononi kama vile yeye ndiye mtumishi wangu.

"Lipange vizuri," nikasema.

"Kumbe kapteni kweli," Gordon akasema. "Sisi tulidhani unatupiga fiksi."

"Fiksi ya nini, bwana?"

Kendra alinitazama, akapanga mizigo.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia pale ndani, maana kapteni hukaa kushoto, nami nikaketi kulia, na ndege yetu haikuwa na mlango wa kunificha. Gordon amerusha ndege maisha yake yote, hakuhitaji kuelezwa. Safari nzima niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Nisamehe, kapteni," nikamwambia Kendra tulipokuwa juu ya mawingu.

"Yameisha. Ila choo leo ni chako peke yako, mzee."

Sikucheka.

Tulipotua, tajiri alishuka na simu sikioni. Gordon akaja kusimama nyuma ya kiti changu. Nikangoja dhihaka.

"Niliomba kazi hapa," akasema kwa sauti ya chini. "Mwaka jana. Wakanipima, wakasema mikono imekuwa mizito. Jumanne zote hizo nakusikiliza tu, nakuonea wivu." Akamgeukia Kendra. "Kapteni, naomba nikae pale kidogo. Sigusi kitu."

"Karibu, mzee."

Nikampisha. Akakaa kwenye kiti nilichokuwa nakionea aibu, mikono ameiweka mapajani kama mtoto aliyekatazwa. Nikashuka kumtolea begi lake, nikabaki nimeinama kule kwenye buti muda mrefu, kwa sababu sikuwa na uso wa kumtazama.