Kesi ya Kuuawa Kwangu

Niliota usiku wa jana kwamba nimeuawa, na la kuudhi zaidi, hakuna aliyenipa taarifa. Niliisikia kwa watu.

Nikavaa shati la Jumapili, nikaenda mahakamani. Kizimbani alisimama jirani yangu, Tawete. Mimi Mhehe, yeye Mngoni, ni watani. Miaka yote ananiita mla mbwa, nami namwita mla panya, tukichoka tunakunywa chai. Sasa anashtakiwa kwa kuniua, na adhabu yake ni kunyongwa.

Jaji alikuwa mwavuli mweusi. Wakili wa Serikali alikuwa beberu wa mbuzi, amefunga tai shingoni, amebeba gunia zito.

"Ule ndio mzigo wa kuthibitisha," karani akaninong'oneza. "Kisheria anaubeba yeye mpaka mwisho."

Beberu akahema. "Mshtakiwa, hebu nishikie kidogo."

Tawete, mtu asiyejua kukataa, akainama akatwishwa. Beberu hakulidai tena.

Shahidi anaitwa. Ni pazia la dirisha langu.

"Uliona nini?" beberu anauliza.

"Upepo ulipovuma niliona marehemu amekaa, mshtakiwa amesimama. Upepo ukatulia, sikuona kitu. Ulipovuma tena, marehemu hayupo."

"Na ulipokuwa umetulia?"

"Hapo ndipo alipouawa."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Shahidi makini sana huyu.

"Ulisikia lolote?"

"Mshtakiwa alisema, 'Leo nakuzika, mla mbwa wewe!' Akacheka."

"Na marehemu?"

"Naye alicheka. Nadhani hakujua kuwa anakufa."

Uvumilivu ukanishinda. "Mheshimiwa, nilikuwa nimekwenda msalani!"

"Marehemu akae chini," Jaji akasema. "Hii si kesi ya kuingiliwa na marehemu."

Karani akachukua ufagio, akaanza kufagia shaka zote nje, maana sheria inataka mtu ahukumiwe pasipo shaka. Zilikuwa nyingi, ndogondogo, zinakimbiakimbia kama vifaranga. Nyingine zilirudi kupitia dirishani. Akafunga dirisha.

Mara tuko uwanja wa mpira. Kamba inaning'inia kwenye mwamba wa goli, na Tawete yuko chini yake, gunia bado mgongoni. Nikaogopa kwelikweli. Nampenda yule mtu. Akiondoka, asubuhi nitatukanwa na nani?

"Una neno la mwisho?" Jaji akamuuliza.

Tawete akanitazama. "Ninalo. Nasikitika kufa kwa ajili ya huyu mla mbwa. Tangu azimike, mbwa wa mtaa mzima wamenenepa kwa furaha."

Damu ikanichemka, nikasahau kabisa kuwa nimekufa. "Wewe mla panya! Kamba wataifunga wapi, na shingo huna?"

Jaji akafunguka, akajifunga, akafunguka tena.

"Mahakama imesikia marehemu akitukanwa, na imemsikia akijibu," akasema. "Maiti hamjibu mtani wake, hata awe na hasira namna gani. Wewe pazia, mbona hukusema kuwa hawa ni watani?"

"Sikuulizwa," pazia likasema.

"Mshtakiwa yuko huru. Beberu, chukua gunia lako."

Watu wakashangilia, wanawake wakapiga vigelegele, beberu akalia. Mimi nilirukaruka kwa furaha bila aibu yoyote. Tawete akatua gunia, akanyoosha kiuno, akanielekezea kidole, akafumbua kinywa ili anijibu.

Nikaamka.

Kumekucha, na mlango unagongwa. Nikafungua. Tawete amesimama kizingitini, mswaki mkononi, uso umemvimba kwa usingizi. Hakusalimia. Aliinua kidevu juu kadiri alivyoweza, akajipapasa shingo.

"Hii ni nini?" akauliza. "Wewe mla mbwa, unanidhalilisha mbele ya Jaji, halafu unaamka kabla sijakujibu?"