Madaftari Mawili ya Karani

Watu wa jengo lile walimwita Karani, na waliendelea kumwita hivyo hata baada ya kuacha ukarani. Miaka kumi na minne alikuwa masjala, akipokea mafaili, akiyapa namba, akiyarudisha kwenye rafu. Kisha sukari ikampofusha mama yake, jicho la kushoto kwanza, la kulia miezi mitano baadaye, na familia ikafanya kikao kwa simu. Kikao chenyewe kilikuwa watu wawili: yeye, na mdogo wake wa kiume aliyehamia mji mwingine na mkewe.

"Dada, wewe huna mume wala watoto," alisema yule mdogo wake, kwa upole kabisa. "Mimi nitasaidia nikiwa huku huku."

Karani akaandika barua ya kuacha kazi, akaipiga muhuri mwenyewe, akaiweka kwenye faili lake mwenyewe. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu.

Waliishi ghorofa ya tatu, vyumba viwili na jiko ambalo mmoja akiingia wa pili anasubiri nje. Dirisha la sebuleni lilitazamana na ukuta wa jengo la jirani, karibu kiasi kwamba ungenyoosha ufagio ungeugusa. Siku za mwanzo za upofu mama alitoka peke yake, akakosa ngazi, akachubuka mguu, na kidonda kile hakikupona tena. Tangu hapo mlango ulifungwa, na ufunguo ukawa unakaa kwenye mfuko wa gauni la Karani. Ndiye aliyekuwa mlinzi wa mlango, na saa ishirini na nne mlinzi mwenyewe alikuwa upande wa ndani.

Kila Jumatatu na Ijumaa alikuja nesi kusafisha kidonda. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, aliyepanda ngazi huku akizisema moja moja kana kwamba zimemkosea adabu. Jumatatu moja alimwona Karani anavyoshika trei ya dawa, vikombe vikigongana vyenyewe. Akamsogeza jikoni, akamgeuza, akamfunua kitambaa kichwani. Kisogoni palikuwa na kipara cha ukubwa wa kifuniko cha chupa.

"Hiki tangu lini?"

"Sijui. Mimi kisogo changu nakionea wapi?"

Nesi hakucheka. "Nakuja hapa kwa mgonjwa mmoja, dada yangu, sitaki wawe wawili. Nunua daftari. Kila siku dakika kumi, andika siku yako ilivyokuwa. Usimwonyeshe mtu mwingine. Usipike, usifue, usikunje nguo. Dakika kumi tu."

"Kwa hiyo dawa yangu ni kazi nyingine."

"Ndiyo. Lakini hii ni yako."

Karani alikuwa mtu wa kutii maagizo. Alichagua saa nne asubuhi, mama akiwa ameshapigwa sindano, ameshakunywa chai, anasikiliza redio kwenye kiti chake. Ijumaa nesi alipofika alionyeshwa daftari la kijani lililoandikwa kwa mwandiko wa masjala, safi, umenyooka: *12:40 mama ameamka. Sukari 8.2. 1:15 chai. 2:00 kuoga.*

"Hii ni ripoti," nesi alisema. "Wewe uko wapi humu?"

"Si mimi ndiye niliyemwogesha?"

"Basi niambie, wakati unamwogesha ulikuwa unawaza nini?"

Karani alilichukua daftari lake, akalifunga. Lakini kesho yake saa nne, baada ya kuandika sukari ya mama, kalamu ilibaki hewani kwa muda, kisha ikaandika: *Nimechoka.* Akalitazama lile neno. Akaongeza: *Nimechoka na sauti ya redio. Nimechoka kuulizwa kama ni asubuhi.* Zilipoisha dakika kumi alikuwa amejaza ukurasa na nusu. Alipoinuka mabega yalikuwa mepesi, kama mtu aliyetua ndoo.

Wiki ya pili alikuwa anaamka akiingojea saa nne. Mikono ilitulia. Aliandika juu ya ukuta wa dirishani na mabomba yake, juu ya mdogo wake anayetuma ujumbe wa sauti kila Jumapili: "Dada, Mungu atakulipa." *Mungu atanilipa,* aliandika, *na wewe je?* Akacheka peke yake, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu mama alisikia.

"Unacheka nini?"

"Hamna kitu, mama."

"Nasikia karatasi. Unaandika?"

"Naandika habari za siku."

"Mbona ni habari nzuri hivyo za kuchekesha! Nisomee basi. Mimi nimekaa hapa na hii redio inanirudishia matangazo yale yale."

Karani aliinamia daftari lake. Ukurasa ulianza na *Leo tena amenimwagia chai makusudi, najua ni makusudi.* Akakohoa kidogo, akasoma kitu ambacho hakikuwepo: kwamba fundi bomba amekuja kutengeneza bomba la mjane wa ghorofa ya kwanza, amemaliza, lakini hataki kuondoka. Mama alicheka mpaka akakamata mguu wake.

"Enhee! Kesho unisomee tena."

Huo ukawa ndio mtego. Kesho mama aliuliza kama fundi amerudi. Ilibidi arudi. Keshokutwa ilibidi bomba lipasuke tena. Karani alinunua daftari la pili, jekundu, akawa anaandika humo maisha ya jengo ambalo halipo: fundi anaoga kabla ya kuja kazini, mjane anavunja bomba kwa nyundo yake mwenyewe. Alilazimika kukumbuka nani alisema nini, maana mama alikuwa na kumbukumbu kama karani mkuu: "Si ulisema mjane hana dada? Huyu wa leo katokea wapi?" Dakika kumi zikawa nusu saa, na ile nusu saa ilikuwa ya jekundu. La kijani aliliandika kwa kuiba, amesimama jikoni, sufuria ikichemka.

*Hata karatasi imenigeuka,* aliandika humo. *Hata hapa nahudumia.*

Vikombe vilianza kugongana upya kwenye trei.

Ilikuwa Jumanne, mjane akiwa anakaribia kukubali posa, mama aliposema, "Funga hilo. Leo nisomee lile lingine."

"Lipi, mama?"

"Mwanangu, yaliyokwenda ni macho. Masikio bado ninayo. Ukiandika hilo la kunisomea kalamu inasimamasimama, inatafuta. Ukiwa jikoni kalamu inakimbia kama inafukuzwa. Nataka la jikoni."

"Lile ni la hesabu za dawa."

"Hesabu za dawa haziandikwi kwa kuvuta makamasi."

Karani alikataa. Mama hakubishana, ila alikataa kusomewa lile jekundu, na redio akaamuru izimwe. Siku tatu zilipita hivyo. Nyumba ilikuwa ndogo hata kwa kelele, na ule ukimya ukaijaza mpaka pasiwe na pa kuweka mguu. Siku ya nne, saa nne asubuhi, Karani alileta kigoda, akaketi mbele ya kiti cha mama yake na daftari la kijani mapajani.

Alianza na kurasa nyepesi, za redio na mabomba. Mama alisikiliza bila kusogea. Alipofika ukurasa mmoja akafunua wa mbele yake bila kuusoma.

"Umeruka," mama alisema. "Nimesikia. Umefunua mbili."

"Mama, tuishie hapa."

"Soma, mwanangu."

Karani akarudisha ukurasa. Sauti yake ilikuwa ile aliyozoea kusomea mihutasari ya vikao, tambarare, isiyo na mwenyewe.

"*Leo mama amelala kuliko kawaida. Saa moja na nusu ilipita hajaita. Nilisimama mlangoni kwake, sikuingia. Nilianza kuhesabu. Nilisema nikifika mia nitaingia, na nikikuta amekwenda, basi. Nilitaka nikute amekwenda. Nilifika sabini, nikaingia. Alikuwa anapumua. Nililia, na sijui nililia kwa lipi.*"

Maji yalikuwa yanadondoka jikoni. Karani hakuinua kichwa. Alingoja kofi, au laana, au kilio, na alijua vyote ni haki yake.

"Siku ile nilikuwa macho," mama alisema.

"Nini?"

"Sikuwa nimelala. Nilisikia nyayo zako zikafika mlangoni zikasimama. Nikabana pumzi. Nilisema moyoni, labda nikijikaza kidogo nitakwenda kweli, nimwache huyu mtoto apumzike. Nilijikaza, mwanangu. Wapi! Kifua kilitaka kupasuka. Hata kufa mwenyewe siwezi bila msaada."

Alisema hivyo, na kona ya mdomo wake ikapinda, na Karani akaona kwamba mama anataka kucheka. Wakacheka kweli, cheko baya la kukwama kooni, kisha mama akanyoosha mkono hewani akautafuta uso wa bintiye, akaupata, akaupapasa mpaka nyuma ya kichwa. Vidole vikasimama kwenye kile kipara.

"Hiki nacho ni mimi?"

Karani aliushika ule mkono, akaurudisha mapajani kwa mama.

"Nipe simu. Nipigie mdogo wako."

Mdogo wake alipokea akiwa kazini, sauti za watu nyuma yake. Mama hakumwamkia wala hakuulizia wajukuu. "Baba," alimwambia, kama alivyozoea kumwita, "dada yako anataka nife, na mimi nataka hivyo hivyo. Njoo."

Alikuja siku ya tatu, amekonda kwa hofu, na begi la nguo za siku saba. Alitumia siku tano. Siku ya kwanza alimpiga mama sindano mara mbili pale pale na mara mbili akaomba radhi kwa sindano, si kwa mama. Siku ya tatu Karani alimkuta amekaa sakafuni bafuni, suruali imelowa mpaka magotini, anatazama tu taulo.

"Dada, kila siku ni hivi?"

"Leo ni siku nzuri. Hajakataa kuoga."

Siku ya tano alikumbuka kazi iliyomngoja, akaaga mapema. Hakusema tena habari ya Mungu kulipa. Kila mwisho wa mwezi alikuja, siku mbili, na mwezi mmoja hakuja. Aliyebadilisha kitu hasa alikuwa nesi, aliyemleta shangazi yake, mpishi mstaafu wa shule ya bweni, mwenye sauti ya kuita watoto mia tatu. Shangazi alikubali kukaa na mama Jumanne na Alhamisi, saa tatu hadi saa sita.

Jumanne ya kwanza Karani alivaa viatu vya kazini, akatoa ufunguo mfukoni, akamkabidhi shangazi. Mlango ukafungwa nyuma yake. Akashuka mpaka ghorofa ya pili na pale akasimama. Hakuwa na mahali pa kwenda. Masjala walishaweka mtu mwingine, na rafiki zake walishazoea kumkosa. Akaketi kwenye ngazi na daftari la kijani, akasikiliza juu, akisubiri kuitwa. Aliyesikika ni shangazi tu, akimfokea mama kuhusu chumvi, na mama akimfokea yeye. Wapangaji walipita wakimkwepa. Alikaa pale saa tatu nzima. Aliandika mstari mmoja: *Mlango uko wazi na mimi nimekaa ngazini.*

Alhamisi alifika getini. Jumanne iliyofuata alitembea hadi kituo cha basi, akaketi kwenye benchi kati ya wanafunzi wawili waliokuwa wanagombania chaja. Mabasi matatu yalikuja yakaondoka. Kondakta mmoja alimuuliza anakwenda wapi, na Karani, aliyejua namba za mafaili elfu nne kwa kichwa, hakuwa na jibu. Alirudi saa tano na nusu, anahema.

"Umefika wapi leo?" mama aliuliza.

"Kituoni."

"Ukapanda?"

"Sikupanda."

Mama alitikisa kichwa taratibu. Hakumkaripia. Shangazi alikuwa anavaa viatu vyake mlangoni huku akieleza kwa sauti ya bweni kwamba mtu haanzi na basi, anaanza na saluni ya pale kona, na wala asiogope, kisogo chake si cha kwanza kuonekana pale.

Karani akaenda jikoni kuchemsha maji ya chai. Maji yalipokuwa yanapata moto alilifungua daftari juu ya beseni lililopinduliwa, akaandika jina la kituo, rangi za yale mabasi matatu, na kila moja lilikokuwa linakwenda.