Vipele vya Mpambaji

Katika ukoo wetu hakuna anayejua kuuguza kunishinda mimi. Nimeuguza watatu, na wote walizikwa wakiwa wasafi kabisa.

Wa nne ni mdogo wangu, tumbo moja, mpambaji wa maharusi. Uvimbe uko pafuni. Dawa ya kwanza, ile ya dripu, ilimnyoa nywele ikamtapisha mpaka nyongo, nami nikabeba beseni mpaka mikono ikasahau kazi nyingine. Ndipo daktari wetu, binti mwenye macho ya kukosa usingizi, akaleta vidonge.

"Ndani ya chembe za uvimbe kuna kimeng'enya," akasema. "Kazi yake kupeleka ujumbe: kua, kua, kua. Hakinyamazi. Kidonge hiki kinakiziba mdomo."

"Kumbe ni mmbea," nikasema. "Na ile dripu ilikuwa inachoma mtaa mzima kwa ajili ya mmbea mmoja."

Akacheka kidogo, kucheka sana kulitaka nguvu ambazo hakuwa nazo. Akatuonya kwamba kimeng'enya hicho kina kazi kwenye ngozi pia, kwa hiyo wengi wanaomeza hutoka vipele usoni. "Msiviogope. Mara nyingi ni dalili kwamba dawa imefika."

Mdogo wangu akajipapasa mashavu. Uso wake ndio kibao cha duka lake. Bibi harusi gani atamkabidhi uso mtu mwenye vipele?

Basi kila asubuhi nikawa nampa kidonge na maji, nasimama mbele yake kama askari wa zamu.

"Fungua mdomo." Anafungua. "Haya, meza." Koo linapanda, linashuka.

"Dada, kalale. Unasinzia umesimama."

Naenda kulala. Uongo hakusema, nilikuwa hoi.

Tuliporudi kliniki, uso wake ulikuwa laini kama yai. Daktari akamkagua. "Unameza kweli?"

"Muulize dada."

"Anameza, mbele ya macho yangu haya," nikaapa.

"Nauliza kwa sababu moja. Uvimbe ukizidi kukua huku unameza, nitajua dawa haikufai, nitaisimamisha. Itabaki dripu nyingine, ya kuamsha askari wa mwili wapambane na uvimbe, na kwa uvimbe wa aina yako, hiyo naitumainia kidogo sana."

Safari iliyofuata mdogo wangu akatoka chumbani kwake na vipele, puani na mashavuni, vyekundu vimeiva. Nikavishangilia kama wajukuu. Kliniki ilijaa, joto limetuama, feni ya darini ni pambo tu. Akaniegemea shavu kwa shavu, tukalala pale benchini kama magunia mawili, mpaka muuguzi akatugonga mabega.

Daktari alikuwa ameinamia picha. "Uvimbe umeongezeka." Akainua macho, akaona vipele, mabega yakamshuka. "Na dawa imefika. Basi haikufai, mama. Naisimamisha leo."

Nikasogeza kiti mpaka puani kwa daktari.

"Mwanangu, usiisimamishe. Mpe nafasi kidogo tu, nakuomba."

Akanikazia macho. Akachukua pamba, akaipitisha shavuni kwangu. Ikatoka nyekundu.

"Na wewe, bibi, umeanza kumeza lini?"

Nikageuka. Shavu la mdogo wangu la upande wangu lilikuwa limepakazika hovyo. La pili bado lilikuwa na vipele vyake vyote, vimepangwa kwa mkono wa fundi. Hapo nikakumbuka kwamba mdomo nilikuwa naukagua kabla hajameza. Baada ya kumeza, hata siku moja.

Daktari akamgeukia na ile pamba mkononi, akingoja. Mdogo wangu akaitazama, akanitazama mimi, akatazama dirishani.

"Vinaambukiza," akasema.