Kushoto Juu ya Kulia

Wageni wanaovaa kimono siwapendi, sitawadanganya. Miaka thelathini nawavalisha hapa dukani Kyoto, na kila siku nasema yaleyale: upande wa kushoto ukae juu ya wa kulia. Ukigeuza, umevaa kama maiti.

Leo asubuhi kaja Maaike, Mholanzi, mrefu kama mlingoti, anajigeuzageuza mbele ya kioo.

"Tulia basi, dada!" nikamkaripia. "Hili si taulo la kuogea."

Akatulia. Nikakunja, nikamfunga mkanda, nikaukaza.

Akajitazama kwenye kioo, kisha akaniuliza kwa woga, "Samahani, mama. Wa kulia ukiwa juu, si ndiyo ya maiti?"

Nikatazama. Wa kulia ulikuwa juu.

Alhamisi nilimvalisha mama yangu kabla hatujamlaza kwenye jeneza. Tangu siku hiyo sikuwa nimemvalisha mtu mwingine.

"Nivue?" akauliza Maaike.

"Ngoja, nakufungua sasa hivi."

Nikaushika ule mkanda, na mikono iliyoufunga ikakataa kuufungua.